Kwa Mwanangu, Kuhusu Chupa Iliyo Ndani ya Sweta ya Kijani

Mwanangu,

Unga ulio katika chupa ya kahawa, ile uliyoizungushia sweta ya kijani na kuilaza katikati ya sanduku, si maganda ya mti peke yake. Ndani yake kuna vidonge. Ni vidonge vyako mwenyewe, vile vyeupe ulivyokuwa ukimtumia cucu, mama yako, kwa ajili ya magoti. Niliyevisaga ni mimi. Hadi leo mchana sikuwa nimemwambia mtu jambo hili, hata dada yangu Karimi, hata Mungu kwa sauti.

Nimeliandika juu kabisa kwa sababu najijua. Ningeanza na salamu, ningepitia hali ya hewa ya Afrika Kusini, ningekutakia masomo mema, na karatasi ingeisha kabla sijafika kwenye chupa. Sasa limeshatoka. Yaliyobaki ni kukueleza lilivyokuwa.

Nimekuita mwanangu na leo sitanii, ingawa jambo lenyewe lilianza kama utani. Karimi, kwa kuwa ndiye wa kwanza, alipewa jina la mama yake baba. Mimi wa pili nikapewa la mama yako, kama desturi ya Embu inavyotaka, na tangu hapo ukaniita mama. "Mamangu, umekula?" Nami hujibu, "Nimekula, mwanangu, na wewe?" Wageni wakisikia hucheka. Baba husema katika nyumba hii hajui amkabidhi nani karo. Unakumbuka siku uliponifinya sikio kwa kusoma hadithi chini ya blanketi na tochi ya simu yako, nikamshtakia cucu? Alikuita kwenye simu akakuuliza, "Wewe, tangu lini unanifinya?" Ukaniomba msamaha kwa heshima zote, ukanirudishia kitabu.

Kesho wewe ndiye unayeondoka nyumbani, na mimi ndiye ninayebaki. Kwa hiyo barua ya mzazi naiandika mimi.

Sitakuambia uvae vizuri wala ule kwa wakati. Baba amesema hayo yote tangu Jumatatu, na kina mama wa kanisa walioko sebuleni wanamalizia yaliyobaki. Nawasikia kupitia ukuta. Wameimba, sasa wanaomba, na mmoja anakuombea upate nyama ya kutosha huko uendako. Umenituma chumbani kutafuta vikombe vya ziada. Vikombe nimevipeleka, nimerudi, nimefunga mlango.

*

Mwaka ule shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, mlinipeleka kwa cucu, juu ya Runyenjes, kwa sababu wewe ulikuwa unashinda hospitalini na mliogopa utaniletea ugonjwa. Nilikuwa darasa la tano. Mlidhani nitachoka upesi. Sikuchoka hata siku moja. Cucu haulizi mtu mbona hasemi. Kwake kimya changu kilikuwa na kazi.

Wewe umekulia pale, lakini acha nikwambie nilivyouona ule utaratibu kwa macho yangu. Cucu alibandua maganda ya mti wa mwiria upande wa mawio tu, kipande kisichozidi upana wa kiganja, halafu alipaka kidonda cha mti udongo na samadi kama mtu anayefunga jeraha. Maganda yalianikwa juu ya dari ya jikoni kwenye moshi. Mizizi ya aina mbili ya kuchanganya nayo aliichimba peke yake. Hakuuza. Mtu alikuja na sukari, au kuku, au mikono mitupu, akapewa unga wa kutia kwenye supu ya mifupa. Na kulikuwa na sharti moja kubwa kuliko yote: anayetwanga haongei. Wala haongeleshwi. Akiongea, dawa huingia maneno.

Mwanangu, hebu fikiria kazi ya kumfaa mtoto kama mimi! Watu wakija uani wakiuliza, "Huyu ni mjukuu? Anaitwa nani? Mbona haamkii watu?" cucu alijibu, "Mwacheni. Anatwanga." Nilikaa na kinu kati ya magoti nikajiona mtu mkubwa. Sikuwahi kuwa na raha kama ile, na nadhani sijawahi tena.

Kila mwisho wa mwezi ilifika bahasha yako na dereva wa gari la maziwa. Ndani mlikuwa na vidonge kwenye pakiti ndogo, na juu yake herufi zako kubwa: MAMA. KIMOJA ASUBUHI, KIMOJA JIONI. BAADA YA CHAKULA. Cucu aliisoma herufi kwa herufi, akaikunja, akaitia kwenye mkebe nyuma ya gunia la maharagwe. Hakumeza hata kimoja.

"Cucu, mama amesema baada ya chakula," nilimwambia mara ya kwanza.

"Mama yako nimemzaa mimi."

"Lakini magoti yako…"

"Igoki, sikiliza. Watu wanatoka Kianjokoma kuja kwangu kwa sababu ya magoti. Wakinikuta nameza dawa ya kemisti, watarudi kwao wakisema nini? Mganga wa meno hana meno?"

Kisha ulipopiga simu jioni, nilimsikia akikwambia, "Ndiyo, nameza, mwanangu. Asubuhi na jioni." Nawe ulifurahi. Nilikuwa nimeketi palepale.

Unga wake ulikuwa unamsaidia kidogo. Huo ni ukweli, na ninataka uuandike mahali: ulimsaidia kidogo. Baridi ya Julai ilipoingia haukutosha. Jioni moja alishindwa kuinuka kutoka kwenye kigoda. Alijaribu kushika ukuta, akakaa tena. Akaniambia niangalie kama kuku wameingia, ili nisimwone. Kuku walikuwa wameingia zamani. Nilisimama nje nikamsikia akienda kitandani kwa mikono na magoti, magoti yaleyale, na pindo la leso likiwa mdomoni.

Kesho yake nilikuwa na maganda ya kutwanga. Nilitoa mkebe nyuma ya gunia, nikamimina vidonge vya mwezi mzima ndani ya kinu, nikatwanga vyote pamoja. Sikufanya hesabu yoyote. Niliwaza tu kwamba dawa yako ni nzuri, na dawa yake ni nzuri, na yeye ni mkaidi. Unga ukatoka mweupe kidogo. Nilitia mwiria zaidi mpaka rangi ikarudi.

Sikujua bado kwamba Mzee Njeru, jirani wa ng'ambo ya kijito, angefika jioni ileile na kupewa unga kutoka kinu kilekile. Nilidhani ule ni wa cucu peke yake. Nilimwona cucu akimpimia kijiko, kijiko, kijiko, na mdomo wangu ulikuwa umefungwa. Sharti lilikuwa limeniruhusu kunyamaza, na baadaye nikagundua kwamba hata kinu kikiwekwa pembeni, bado sijui kuufungua.

*

Unajua kilichofuata, kwa sababu ndicho kilichokufanya ufunge sanduku leo.

Cucu alitembea. Siku ya tatu alikwenda mwenyewe kuchuma mboga. Siku zilizofuata alianza kuimba akifagia. Mzee Njeru akaja na fimbo imelazwa begani kama bunduki. "Igoki," akamwambia cucu, "huu wa mwezi huu umeutoa mti gani?" Cucu akamwonyesha mwiria ule ulio karibu na mpaka wa shamba la majani chai, kwa sababu kweli ndiko maganda yalikotoka. Tangu siku hiyo mti ule ulipata heshima. Wengine walivua kofia wakiupita.

Bahasha ya pili ilipokuja nilifanya vilevile. Hapo sikuwa tena na kisingizio cha kutojua nani atakunywa.

Alikuja hata mtu wa Kangeta, mfanyabiashara wa miraa, mnene, aliyekuwa amesikia habari kwa shemeji yake. Aliingia uani akisalimu kwa Kimeru, "Muga, cucu! Nimekaa chini nikifunga vibunda miaka yangu yote, sasa magoti yamekataa hata kupigwa kanisani. Pasta anafikiri nimeokoka nikarudi nyuma." Cucu alicheka mpaka akashika kiuno. Alimpa unga wa wiki mbili. Mtu yule alirudi na mbuzi. Cucu akamrudisha na mbuzi wake, lakini nilimwona usoni, mwanangu. Alikuwa amesimama wima kama mti wa simu. Alikuwa na furaha ambayo mimi ndiye niliyeitengeneza, na nisingeweza kumwambia imetengenezwa na nini.

Halafu ukaja wewe kututembelea. Ulisimama kwenye lango, mikoba miwili mikononi, ukamwona mama yako akipanda kile kilima akitoka kanisani, hana fimbo, hana wa kumshika. Mikoba ilianguka. Nyanya zikabiringika hadi kwenye zizi. Ulilia, na cucu akakutania, "Unalia nini? Ulitaka niendelee kuchechemea ili upate wa kutibu?"

Usiku huo uliweka simu yako mezani ukarekodi. Ulimuuliza mti gani, upande gani, msimu gani, moshi wa kuni zipi, supu ya mfupa wa mnyama yupi. Maswali yako yalikuwa mazuri. Cucu alikujibu yote, hata mizizi miwili aliitaja, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu. Mimi nilikuwa nimeketi mkekani na kinu kati ya magoti. Hukuniuliza kitu.

Sikulaumu. Nilikuwa mtoto, na nilikuwa nimekaa pale kama samani. Nakwambia kwa sababu utakwenda kuuliza watu wengi maswali katika hii kazi, na najua utawauliza wenye dawa na wenye miti na wenye majina. Muulize na anayetwanga. Muulize hata kama sharti linasema asiongee, na ngoja. Watu kama mimi hujibu polepole sana.

*

Wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa, Mzee Njeru alikuja bila mzaha. Alikaa juu ya kreti iliyopinduliwa akashika tumbo.

"Igoki, unga wako unaniunguza hapa."

"Unakunywa na tumbo tupu kama mlevi, Njeru."

"Tumbo tupu! Nimekula githeri ya watu wawili. Uliza mke wangu."

"Mke wako atasema watatu."

Walicheka. Mimi sikucheka. Nilikumbuka herufi zako: BAADA YA CHAKULA. Nilikuwa nimekuuliza zamani, nikiwa mdogo, kwa nini mnaandika hivyo kila mara, ukaniambia kuna dawa zinazokwaruza tumbo kama ukucha. Usiku wa pili kutoka hapo Mzee Njeru alitapika kitu cheusi kama masalio ya kahawa, wanawe wakampeleka hospitali ya Embu. Daktari alimuuliza, "Mzee, umekuwa ukimeza dawa gani?" Alijibu, "Hakuna. Miti tu." Alisema kweli, kadiri alivyojua.

Alipona. Alirudi amekonda, akamwambia cucu labda ni zile githeri. Lakini siku aliyokuwa hospitalini nilitupa vidonge vilivyobaki chooni, nikamwambia cucu sitaki kutwanga tena, nataka kusoma. Akakivuta kinu upande wake. Alidhani nimechoka naye. Hilo pia sikulirekebisha.

Magoti yake yalirudia maumivu yaleyale. Hakulalamika. Alisema maganda ya siku hizi si kama yale ya mwezi ule, na unga kidogo uliobaki wa mwezi ule akautia kwenye chupa ya kahawa, akauweka juu ya dari asiuguse mtu. Desemba iliyopita ndipo alipokukabidhi kwa mikono miwili. "Huu ndio wenyewe," alisema. "Nimekuwekea."

Nilikuwepo siku ile pia.

*

Kuna mambo ambayo mtu akikawia kuyasema hubadilika kuwa mambo mengine. Kama ningekwambia pale langoni, kati ya nyanya, ingekuwa kosa la mtoto, ungenifinya sikio na cucu angekukemea. Nilipokaa kimya mwaka, likawa siri. Ulipoanza kuandika pendekezo lako la utafiti ukiwa umetumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto baada ya zamu, likawa uongo, na nilikuwa nikikuletea chai ndani ya uongo huo. Siku barua ya chuo ilipokuja ulitusomea mezani sentensi ya kwanza ya pendekezo. Ulituambia kwa Kiingereza, kisha ukatafsiri ili baba asisingizie kusinzia: kwamba utafiti huu ulianza siku mtafiti alipomwona mama yake akipanda kilima bila fimbo. Baba alipiga makofi. Mimi nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Nilijipa sababu nyingi. Nilisema huenda vidonge vimeoza, huenda chupa itavunjika njiani, huenda utaanza na maganda mapya uisahau. Lakini ulisema hutaifungua hapa, mpaka ufike kwenye maabara yenye mashine ya kuona kila kilichomo. Mwanangu, mashine itaona. Itaona siku ya kwanza. Msimamizi wako atakuuliza nani ameweka dawa ya kemisti kwenye mti wa mama yako, na wewe, mbele ya watu usiowajua, utapata majibu mawili tu ya kuchagua: kwamba mama yako ni tapeli, au kwamba wewe ndiye. Hilo la kwanza ndilo lililoninyima usingizi. Sikuogopa sana kwamba utanikasirikia. Niliogopa kwamba ungemtazama cucu, hata mara moja tu, kwa macho ya mtu anayehesabu.

Muhula uliopita kulitokea jambo dogo darasani. Tulikuwa na jaribio la kemia, lile la kudondosha asidi kidogo kidogo mpaka rangi ya waridi ipotee. Jibu langu lilitoka tofauti na la kila mtu. Nilirudia, likatoka vilevile. Benchi la mbele, la wale wajuzi, lilikuwa na namba yake, na namba hiyo ilikuwa imeshasafiri darasa zima kwa minong'ono. Nilifuta yangu, nikaandika yao. Mwalimu alikusanya karatasi, akazipitia, akavua miwani akaanza kucheka.

"Nyinyi ni watu wa ajabu," alisema. "Kila benchi nimelipatia asidi ya nguvu tofauti. Na nyote mmepata jibu la benchi moja."

Kisha akachukua karatasi yangu, akaiinua kwenye mwanga. Alama ya kifutio ilionekana. "Igoki, hapa chini kulikuwa na nini?"

Nilifunika kifutio kwa kiganja.

"Kilikuwa ndicho sahihi," akasema. Hakunikemea. Aliendelea na somo. Lakini mimi nilibaki naangalia ile alama mpaka kengele ikalia, na nikajua kwamba kabla hujapanda ndege nitakuambia. Imenichukua mpaka leo jioni. Naomba uniwie radhi kwa kuwa mwepesi wa kuamua na mzito wa kutenda.

*

Leo saa tisa, ulipokwenda Makutano na baba kununua kufuli la sanduku, nilianza na mwenye mti. Cucu alikuwa ameketi kitandani kwangu akijisugua magoti. Alifika jana, unajua, amekataa kulala kwenye chumba cha wageni, akasema atalala na jina lake. Nilimwambia nina neno. Akasema, "Ngoja nikae vizuri, wewe ukiwa na neno ni msiba."

Nilimwambia kama nilivyokuambia wewe, nikianza na vidonge. Nilikuwa nimeyakariri. Nilipomaliza alikaa kimya, na mimi, ambaye nimekuwa nikiwafanyia watu hivyo maisha yangu yote, nilijua kwa mara ya kwanza jinsi kimya kinavyomfanya mtu upande wa pili.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe, "mimi nilimeza vidonge vya mama yako."

"Ndiyo, cucu."

"Asubuhi na jioni."

"Kwenye supu."

"Na kwenye simu nikamwambia nameza." Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe ni kicheko. "Basi sikumdanganya! Mungu wangu, sikumdanganya hata kidogo!"

Alicheka mpaka nikamletea maji. Kisha kicheko kikaisha kama jiko lililomwagiwa maji, akaweka kikombe chini.

"Na Njeru?"

"Pia, cucu."

"Yule wa Kangeta?"

"Pia."

"Yule mti wangu. Watu walikuwa wanauvulia kofia." Alitazama dirishani, ingawa dirisha langu linatazama ukuta wa jirani. "Mimi mwenyewe niliuvulia kitambaa."

Nilishika mguu wake, ule wa kushoto unaomsumbua zaidi, nikaendelea kuusugua pale alipoachia. Akasema, si kwa hasira:

"Kabla yako ulikuwa unasaidia. Kidogo."

"Najua. Nilikuwa nakuona."

"Hicho kidogo ni changu. Mwambie mama yako hicho kidogo ndicho changu, akapime hicho. Hii nyingine si yangu. Asinibebeshe." Kisha akaongeza, "Njeru tutamwambia likizo. Mimi nitakaa kando yako. Lakini utakayesema ni wewe, na useme kwa sauti. Yeye siku hizi hasikii vizuri."

Nilikubali. Ndiyo hofu yangu kubwa ya sasa, kuliko mtihani wa taifa. Nitakuandikia ikishapita.

*

Sasa nisikilize, mwanangu, halafu nikuachie.

Sijui utafanya nini na ile sentensi ya kwanza. Huenda utaifuta, huenda msimamizi atakasirika, huenda watakuambia uanze upya na maganda mapya na usubiri vibali vingine. Najua ni miaka mingapi umeingoja safari hii. Najua nani aliuza ng'ombe ili uende. Nimekuletea hasara usiku wa mwisho, na sitasema ni afadhali kuliko kutojua, kwa sababu si mimi nitakayeamka kesho na kuibeba. Nimechagua leo ili uwe bado hapa, uweze kuniuliza mimi na yeye, tukiwa katika chumba kimoja, kabla mashine haijaulizwa.

Lakini naomba usiifute kabisa. Alipanda kile kilima kweli. Uliona kweli. Sehemu yake ilikuwa mti wake na sehemu ilikuwa dawa yako, na hakuna hata mmoja wenu aliyejua mnamsaidia mtu mmoja. Mimi nilijua, na ningependa siku moja kusoma kitabu chako kikubwa cha uzamifu na kukuta mahali, hata chini kabisa kwa herufi ndogo, umeandika kwamba kulikuwa na mtoto.

Nilipokuwa mdogo ulinifundisha kanuni moja ya kemisti, ulinifundisha nikiwa nimesimama juu ya kreti nikikutazama ukihesabu vidonge kwenye trei: chupa isiyo na lebo ni sumu, hata kama ndani ni maji. Kwa hiyo nimefanya hivi.

Wageni walipoanza wimbo wa mwisho nilifungua sanduku. Kufuli lilikuwa bado kwenye mfuko wake wa karatasi. Nilitoa sweta ya kijani nikaikunjua. Chupa sikuitoa ili kuificha, wala sikuimwaga. Nilikuwa nimewahi kufikiria kuimwaga, lakini hilo lingekuwa kuingiza mkono ndani ya kinu mara ya tatu. Lebo yako iliyosema UNGA WA MAMA nimeiacha. Chini yake nimebandika yangu, kwa herufi kubwa kama zako: MWIRIA, MIZIZI MIWILI, NA VIDONGE VYA MAUMIVU, KIASI HAKIJULIKANI. ALIYETWANGA: IGOKI MDOGO. Cucu alinishikia gundi.

Nimeirudisha ndani ya sweta, nikafunika sanduku bila kulifunga. Kisha nimekuja jikoni. Mistari hii naiandikia hapa, juu ya kifuniko cha pipa la unga. Nasikia ukiwaaga kina mama mlangoni, na baba akiwamulikia njia. Nimevuta kigoda changu karibu na jiko, na kigoda cha pili nimekiweka mbele yake, ili ukiingia uwe na pa kukaa.